Kichocheo cha Bei Nafuu na Lugha ya Fundi wa Kariobangi

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, tumeitungia insha, na tumeichanganua katika mihadhara ya fasihi simulizi mpaka tukadhani kwamba hakuna jipya lililobaki ndani yake. Mimi niliikumbuka upya mahali ambapo sikutarajia: chini ya paa la mabati, katika karakana moja ya Kariobangi Light Industries, nikiwa nimeshika makala ya kitaaluma yaliyoandikwa kwa Kiingereza na sina la kusema.

Kisa chenyewe ni kifupi. Ndugu yangu mdogo anasomea kemia. Alikuwa akisoma habari za kutengeneza gesi ya haidrojeni kutokana na maji kwa kutumia metali za bei nafuu, hasa nikeli na chuma, badala ya metali za thamani kama platini. Alitaka kujua kama fundi anayeishi mtaani kwetu angeweza kumkatia vipande vya wavu wa chuma na kuvipaka nikeli. Kwa kuwa mimi ndimi niliyekuwa na mazoea na mzee huyo, nilitumwa. Nilimwamkua, nikamweleza haja yangu, naye akaniuliza kitu hicho kingefanya kazi gani. Nikamjibu kuwa kingepasua maji. Alicheka kwa upole. "Maji hayapasuliwi, kijana wangu," akasema, "maji humwagika."

Baada ya kicheko akaniuliza maswali matatu ambayo sijayasahau. Kwanza, kifaa hicho hudumu kwa muda gani? Pili, kikiharibika, yeye mwenyewe ataweza kukirekebisha, au ni vile vitu vya kutumia na kutupa? Tatu, hiyo gesi ikitoroka humu ndani, atajuaje?

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Ninaweza kueleza tofauti kati ya umuundo na umaumbo, na ninaweza kukariri ngeli zote za nomino hata nikiamshwa usiku wa manane. Siku hiyo sikuweza kumjibu mzee swali hata moja. Nilirudi nyumbani nikamwuliza ndugu yangu. Yeye alikuwa na majibu, lakini hakuwa na lugha. Kila sentensi yake ilianza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza, na maneno yaliyobeba maana yote yalikuwa ya upande wa pili. Mmoja wetu alikuwa na lugha bila maarifa, na mwingine alikuwa na maarifa bila lugha. Baina yetu alisimama fundi mwenye mikono inayoweza kuifanya kazi yenyewe, na hatukuweza kumfikia.

Hoja ya makala haya ni kwamba bei nafuu ya teknolojia haiamuliwi katika maabara peke yake. Metali inaweza kuwa rahisi sokoni na bado ikawa ghali kwa watu wa Kariobangi, Dandora au Kayole iwapo hawawezi kuiulizia, kuihoji, kuitengeneza na kujikinga na madhara yake kwa lugha wanayoielewa. Hilo ni jukumu letu sisi wa Kiswahili, wala si la wanakemia pekee.

Maji, stima na metali

Ni vyema tulifafanue jambo lenyewe kwanza, kwa sababu mara nyingi sisi hudai kuwa Kiswahili kinaweza kueleza sayansi, kisha tukaacha kuieleza.

Maji ni muungano wa haidrojeni na oksijeni. Mwaka 1800, William Nicholson na Anthony Carlisle walitia majini, mjini London, nyaya mbili zilizounganishwa na betri, wakaona viputo vikitoka. Kwenye waya mmoja ilitoka haidrojeni, na kwenye mwingine oksijeni. Kanuni hiyo haijabadilika tangu siku hiyo. Kilichokuwa kikiwasumbua watu kwa zaidi ya karne mbili ni gharama. Kinadharia, umeme wa volti 1.23 unatosha kuyatenganisha maji. Kwa kweli, maji ni mavivu. Mitambo mingi hulazimika kutumia takriban volti 1.8 hadi 2, na ile ziada hupotea kama joto. Kilo moja ya haidrojeni huhitaji lita 9 hivi za maji na takriban yuniti 50 za umeme. Mkazi wa Umoja anayenunua tokeni za stima anaweza kujikadiria mwenyewe uzito wa hesabu hiyo.

Hapa ndipo kichocheo kinapoingia. Kichocheo ni kitu kinachorahisisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa na badiliko hilo. Tazama jinsi neno letu lilivyo na picha iliyo wazi: anayepika kwa kuni huchochea moto kwa chuma, moto ukashika, kuni zikateketea, na kile chuma kikabaki. Ni kweli kwamba neno lenyewe lina mizigo mingine. Katika nadharia za ujifunzaji wa lugha tunalitumia kwa maana ya kinachozua mwitiko, na katika siasa zetu uchochezi ni kosa la kumfikisha mtu mahakamani. Hata hivyo, mzizi wake unamfaa mwanakemia kuliko neno la kigeni lililobandikwa irabu mwishoni.

Vichocheo bora vya kazi hii vinafahamika kwa muda mrefu. Platini hutoa haidrojeni kwa wepesi mkubwa, na iridiamu huvumilia upande wa oksijeni hata ndani ya asidi, ambamo metali nyingine nyingi huyeyuka. Tatizo ni kwamba iridiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka mmoja ni tani chache tu, nyingi yake ikitoka Afrika Kusini, na kilo moja imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 katika miaka ya karibuni. Nikeli, kwa upande wake, huuzwa kwa tani, na bei ya kilo moja huhesabiwa kwa makumi ya dola tu. Chuma ni rahisi zaidi. Ukibadilisha asidi ukatumia alkali, yaani maji yaliyotiwa dawa kali ya jamii ya kostiki soda ambayo watengenezaji sabuni wanaijua, nikeli husimama imara bila kuliwa.

Tena kuna kisa kinachopaswa kutufurahisha sisi tunaopenda vioja vya historia. Tangu mwanzo wa karne ya 20, waundaji wa betri za nikeli walikuwa wakilalamika kuwa chembe ndogo za chuma zikiingia ndani huiharibu betri, kwa sababu huifanya itoe oksijeni inapochajiwa. Chuma kilikuwa uchafu wa kuondolewa. Mwaka 1987, mtafiti Dennis Corrigan alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa uchafu huo huo, hata ukiwa kidogo mno, huifanya nikeli kuwa kichocheo bora zaidi cha kutoa oksijeni kwenye maji. Leo mchanganyiko wa nikeli na chuma ni miongoni mwa vichocheo vya bei nafuu vinavyotegemewa zaidi katika alkali. Kilichokuwa aibu ya fundi wa betri kimekuwa tegemeo la mwanakemia.

Afrika si mgeni wa jambo hili

Msomaji anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya nchi za mbali. La hasha. Mjini Aswan, Misri, kiwanda cha mbolea cha KIMA kilianza mwaka 1960 kutumia umeme wa maporomoko ya Mto Nile kuyapasua maji ili kupata haidrojeni ya kutengenezea mbolea. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilifanya kazi ya namna hiyo kwa miongo kadhaa kabla ya kuizima mitambo yake ya kupasulia maji mwaka 2015. Mitambo ya kizazi hicho ni ya alkali, na vyuma vyake hupakwa nikeli. Haihitaji platini. Kwa hivyo, anayetuambia kuwa haidrojeni ya maji ni ndoto ya kesho asiyoijua Mwafrika hajaisoma historia ya bara hili.

Kenya nayo imeingia. Mnamo Septemba 2023, wakati wa Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi lililofanyika Nairobi, serikali ilizindua mkakati wa taifa kuhusu haidrojeni isiyochafua mazingira. Hatua ya mwanzo inayotajwa ni mbolea, kwa sababu nchi hii huagiza mbolea ya naitrojeni kutoka nje, na bei yake ilipopanda mwaka 2022 kila mnunuzi wa unga alihisi. Tuna pia mvuke wa Olkaria, ambako kituo cha kwanza kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Usiku, watu wanapozima taa, sehemu ya mvuke huo hukosa kazi. Inanipendeza kukumbuka kuwa neno letu la mitaani "stima" asili yake ni mvuke. Wazee wa Makongeni na Kaloleni waliuita umeme kwa jina la mvuke miaka mingi kabla ya mvuke wa Olkaria kuwa nguzo ya umeme wetu. Lugha ilitangulia, mtambo ukafuata.

Metali zenyewe ziko kwa majirani. Kabanga, wilayani Ngara nchini Tanzania, kuna hazina kubwa ya nikeli ambayo haijaanza kuchimbwa kibiashara. Burundi inayo nikeli ya Musongati. Kolwezi na maeneo jirani ya Kongo hutoa sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia. Kobalti ilisifiwa sana mwaka 2008, pale Matthew Kanan na Daniel Nocera walipoonyesha nchini Marekani kuwa ikichanganywa na fosfati inaweza kutoa oksijeni katika maji ya kawaida yasiyo makali. Lakini anayezijua hali za wachimbaji wadogo wa Kolwezi, wakiwamo watoto, hataiita kobalti "nafuu" bila kuuliza: nafuu kwa nani?

Jiko la Shauri Moyo

Swali hilo linatuleta Eastlands. Watu hutaja eneo hili kwa mambo mawili: matatu zilizopambwa na Sheng. Wachache hukumbuka kuwa hapa ndipo Nairobi inapoijua metali kwa kuigusa. Kamukunji hugonga mabati kuwa masanduku, karai na majiko. Kariobangi Light Industries hukereza, hulehemu na kuyeyusha. Dandora huchambua taka na kutenga shaba na alumini. Jina la "jua kali" walilopewa mafundi hawa limeingia katika nyaraka za serikali na vitabu vya wachumi wa ng'ambo likiwa Kiswahili kitupu.

Kuna teknolojia moja iliyopita katika mikono hiyo na kufaulu, nayo inatufunza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu na mafundi wa Kenya walilichukua wazo la jiko la makaa la Thailand, wakalibadilisha: ganda la bati lenye kiuno chembamba, na ndani yake bakuli la udongo uliochomwa. Mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza na kulieneza. Hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu, na lilivuka mipaka hadi nchi nyingi za Afrika. Jambo ambalo sisi wa Kiswahili hatujalitilia maanani ni jina lake. Hata katika ripoti za Kiingereza huitwa "Kenya Ceramic Jiko". Neno "jiko" halikutafsiriwa. Wageni ndio waliolazimika kujifunza neno letu, kwa sababu kifaa chenyewe kiliundwa, kikauzwa, kikalaumiwa na kikarekebishwa na watu waliokiita hivyo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Jiko lile halikuenea kwa sababu bati ni rahisi tu. Lilienea kwa sababu muundaji, muuzaji na mpishi waliweza kuzungumza. Mama aliyesema kuwa bakuli lina ufa alieleweka. Fundi aliyesema kuwa udongo haukuchomwa vya kutosha alieleweka. Kila lalamiko liligeuka kuwa marekebisho. Je, mtambo wa kupasua maji ukifika Kariobangi kesho, ukiwa na kitabu cha maelezo cha kurasa 80 kwa Kiingereza, lalamiko la fundi litapitia wapi?

Gesi, mabati na uhai

Kuna wanaoweza kusema kuwa ninakuza mambo. Naomba tukumbuke ya karibuni.

Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba katika mtaa wa Sinai, yakashika moto, na takriban watu 100 wakafariki. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gari lililobeba gesi ya kupikia lililipuka Mradi, Embakasi. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na mamlaka ya nishati ikasema kuwa ilikuwa imekataa maombi ya kibali cha kituo mahali hapo. Tarehe 11 Januari 2022, nguzo za umeme za laini ya Kiambere–Embakasi zilianguka na nchi nzima ikakaa gizani. Siku chache baadaye serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu hadi Mei mwaka huo, na maelfu ya wachambuzi na mafundi wasio na hatia wakakosa riziki. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa wakiishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao hivi walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Eastlands hulipia metali na gesi kwa sarafu ambayo haimo katika hesabu za maabara.

Sasa turudi kwa swali la tatu la mzee: gesi ikitoroka, atajuaje? Jibu lake ni la kuogofya. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na mwali wake ni vigumu kuuona mchana. Zaidi ya hayo, inafanya kinyume cha gesi ya kupikia. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, na kila mama wa Buruburu au Mathare ameambiwa afungue mlango iondoke. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote. Hupaa, na ikiwa ndani ya karakana isiyo na tundu juu hukusanyika chini ya mabati ikingoja cheche. Fundi anayelehemu humo ndani kila siku anahitaji kujua jambo hilo moja: tundu la hewa liwe juu kabisa, wala mlango wa chini pekee hautoshi. Maarifa hayo ni sentensi moja ya Kiswahili. Asipoipata, jirani zake wote wamo hatarini. Hapa suala la istilahi si mjadala wa semina. Ni uhai wa watu.

Kwa ajili hiyo hiyo nakiri kuwa sioni busara ya kupeleka haidrojeni majikoni mwa nyumba za kupanga. Ni hatari, na umeme hupotea bure katika kuugeuza kuwa gesi kisha kuichoma. Faida ya Eastlands iko kwingine. Iko katika mbolea itakayoshusha bei ya unga, na katika kazi ya kuunda, kupaka nikeli na kukarabati sehemu za mitambo, kazi ambayo mikono ya Kariobangi inaiweza. Tena tusidanganyane: kichocheo cha bei nafuu hakimalizi gharama. Sehemu kubwa ya gharama ya haidrojeni ni umeme wenyewe. Kichocheo kizuri hupunguza umeme unaopotea, nacho kikiwa cha nikeli na chuma hutuondolea utumwa wa metali za kuuzwa kwa gramu. Ni hatua moja ya safari.

Pingamizi mbili

Pingamizi la kwanza ni kuwa Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Dai hili limechoka. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Maneno mengi yapo. Yanayokosekana ni matumizi. Tumebishana kwa miaka mingi kama kifaa kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na wakati sisi tukibishana wauzaji wa barabara ya Moi wamekiuza, wamekifungua na wamekitengeneza. Neno halikui kamusini. Hukua kinywani mwa anayelihitaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mafundi wa Eastlands hawasemi Kiswahili sanifu, wanasema Sheng na Kiswahili kilichochanganyika, kwa hivyo istilahi zetu hazitawafaa. Naikubali nusu ya hoja hii. Tukienda Kariobangi na orodha ya maneno tuliyoyabuni ofisini, tutachekwa, na tutastahili. Tunapaswa kwenda kusikiliza kwanza. Fundi ana maneno yake ya kutofautisha kutu inayokula chuma na ganda linalokilinda, ya chuma kilichokubali rangi na kilichoikataa, ya mshono ulioshika na uliodanganya. Hizo ndizo tofauti hasa ambazo mwanakemia anazihitaji anapoeleza kwa nini kichocheo kimoja hudumu na kingine hubanduka. Kazi ya msomi ni kuziokota, kuzipima na kuziunganisha na kamusi, si kuwafunza waliobuni.

Niliambiwa hivyo na mzee mwenyewe, bila yeye kukusudia. Niliporudi kwake baada ya wiki mbili, nikiwa nimejiandaa, nilimweleza kichocheo ni nini. Akauliza, "Ni kama hamira?" Nikamwambia hapana, hamira huliwa pamoja na mkate, lakini kichocheo hubaki. Akafikiri kidogo. "Basi ni dalali," akasema. "Anawakutanisha watu, biashara inafanyika, mali haimo mfukoni mwake." Nikafurahi sana, nikasema ndiyo, ni dalali asiyechukua chochote. Akanitazama kwa huruma. "Dalali asiyechukua chochote huyo hayuko Nairobi."

Nilicheka, lakini baadaye ndugu yangu aliponisikia hakucheka. Alisema mzee amegusa tatizo kuu la taaluma yao. Kwenye karatasi, kichocheo hakiliwi. Mtamboni, huchakaa polepole: chuma huvuja kutoka kwenye nikeli, tabaka lililopakwa hubanduka, uchafu wa maji huziba. Vichocheo vipya vingi vilivyosifiwa vimejaribiwa kwa saa au siku chache tu, ilhali mtambo wa kiwandani unatakiwa ufanye kazi kwa miaka. Swali la kwanza la mzee, lile la kudumu, ndilo wanalolihangaikia watafiti wa dunia nzima. Mzee hakulipata chuoni. Alilipata kwa kuuza na kurudishiwa bidhaa zilizoharibika.

Tufanye nini?

Sipendekezi makubwa. Napendekeza mambo ambayo chama cha wanafunzi kinaweza kuyaanza muhula huu.

Kwanza, kila tunapotakiwa kuandika tasnifu ya mwisho ya shahada ya kwanza, baadhi yetu tuache kwa muda mada zilizorudiwa mara mia na twende tukakusanye msamiati wa metali, moto na umeme katika karakana za Kamukunji, Gikomba na Kariobangi. Walimu wetu watukubalie mada hizo kuwa ni za isimu, kwa sababu ni za isimu. Pili, jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo ambapo mwanafunzi wa sayansi na mwanafunzi wa Kiswahili wataandika pamoja juu ya jambo moja, na makala yasichapishwe mpaka msomaji asiye wa chuo ayasome na kusema ameelewa. Tatu, tuanze na sentensi za usalama: ni gesi gani hupaa, ni ipi hutambaa, ni dawa gani huchoma ngozi, ni vumbi la metali gani halifai kuvutwa puani. Vumbi la nikeli, mathalani, laweza kusababisha saratani, na anayelipiga msasa anapaswa kulijua hilo kabla ya kulipwa. Tuyaandike kwa Kiswahili ambacho fundi atakibandika ukutani.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tarehe 7 Julai dunia huadhimisha siku yake. Sherehe ni njema. Lakini lugha rasmi ambayo haiwezi kumwambia mfua chuma aweke wapi tundu la hewa bado ina deni kwa wenyewe.

Kiingereza ni platini. Hakuna anayebisha ubora wake, na sisi sote chuoni tunakitumia. Lakini ni metali ya kuuzwa kwa gramu, na haiwafikii wengi. Kiswahili ni nikeli yetu, na kile tunachokidharau kuwa uchafu wake, yaani maneno ya mitaani ya Eastlands, pengine ndicho chuma kitakachokifanya kifanye kazi vizuri zaidi.

Swali la pili la mzee bado sijalijibu. Aliuliza kama ataweza kukirekebisha kifaa hicho mwenyewe. Jibu hilo halimo katika makala ya ndugu yangu. Litategemea kama sisi watatu, yaani mwanakemia, fundi na mwanafunzi wa Kiswahili, tutaketi kwenye benchi moja kabla mtambo haujafika.